Rubani wa Ndege Ndogo na Faili Asilolisoma

Neno "upekuzi" lina asili ya jaani. Kupekua ni kuchakura, kama kuku anavyochakura takataka akitafuta punje. Neno likaingia nyumbani, likawa la mtu anayepanguapangua sanduku lisilo lake. Kisha likaingia ofisini, na leo katika utumishi wa umma wa Tanzania upekuzi ni shughuli rasmi: vyombo vya dola huchunguza mwenendo na historia ya mtu kabla hajakabidhiwa cheo au siri ya serikali.

Nawaomba, wanafunzi wangu, mlitofautishe neno hili na ndugu zake wawili. Ukaguzi hufanyiwa kitu au kazi: fundi hukagua injini, mkaguzi hukagua hesabu. Uchunguzi huanza baada ya tukio: kumeibwa, polisi wanachunguza. Upekuzi wa mtu huja kabla ya tukio lolote, na humfuata mtu ambaye hajafanya lolote. Tofauti hiyo ikieleweka, mjadala wa leo utakuwa mwepesi.

Mjadala wenyewe ni huu: je, ni haki serikali kumlazimisha kila rubani binafsi apekuliwe na vyombo vya usalama ndipo apate leseni ya kuruka? Baadhi ya nchi zimefanya hivyo tangu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 nchini Marekani, na marubani wengi wamepinga. Mimi nasimama upande wao katika hoja zao kubwa, ingawa wana hoja nyingine ambazo singependa kuzisikia zikitolewa katika mdahalo wa darasa langu.

Kwanza tumjue rubani binafsi. Ni mtu anayeruhusiwa kuendesha ndege kwa shughuli zake, bila kulipwa kwa kuiendesha. Viwango vya kimataifa vilivyotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 vinamtaka awe na umri usiopungua miaka 17, awe na cheti cha afya, afaulu mitihani, na awe ameruka saa zisizopungua 40. Chombo chake mara nyingi ni kitu kama Cessna 172, ndege ya injini moja na viti vinne, ambayo ikijaa watu na mafuta ina uzito wa takriban kilo 1,100. Pikapu tupu inayoteremka Nyabugogo ni nzito kuliko hiyo. Hapa Rwanda marubani wa namna hii ni wachache. Anga la Kanombe ni la ndege za abiria na helikopta. Ukitaka kuwaona nenda Nairobi, katika Uwanja wa Wilson, ambako Aero Club of East Africa, iliyoasishwa mwaka 1927, ina makao yake.

Uchache wao ndio unaonivuta. Kundi dogo linalodhaniwa kuwa la matajiri ni rahisi kuwekewa sheria bila mtu wa kulitetea. Nani atalia kwa ajili ya mtu mwenye ndege? Lakini raia anayejifunza uraia hana budi kuipima sheria kwa jinsi inavyomtendea mtu asiyependwa, kwa kuwa anayependwa hahitaji sheria imlinde.

Tuanze na Ujerumani, kwa kuwa kule mambo yalikwenda hadi mahakama ya juu kabisa. Tarehe 5 Januari 2003 mtu mmoja mwenye bastola alipora ndege ndogo ya kuelea yenye injini katika kiwanja cha Babenhausen. Akazunguka juu ya majengo marefu ya Frankfurt, akitishia kulivaa jengo la Benki Kuu ya Ulaya. Katikati ya jiji watu wakahamishwa. Mwishowe akatua salama, akakamatwa. Ikabainika kwamba alikuwa mgonjwa wa akili aliyetaka ulimwengu umkumbuke Judith Resnik, mwanaanga aliyekufa katika ajali ya chombo cha Challenger mwaka 1986.

Hofu ya siku ile ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Usalama wa Anga, iliyoanza kutumika Januari 2005. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza liliruhusu jeshi kuitungua ndege ya abiria iliyotekwa na kugeuzwa silaha. La pili liliwataka marubani wote, hata wa ndege ndogo na wanafunzi wao, wapekuliwe ili ithibitike kwamba ni watu wa kuaminika. Jambo la kwanza lilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 15 Februari 2006: dola haiwezi kuwaua abiria wasio na hatia ili kuwaokoa wengine, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuwageuza watu kuwa vitu. Sisi tunalo neno "utu", na sijui lugha nyingi zenye neno fupi na zito kama hilo kwa hukumu ile. Jambo la pili lilipona. Tarehe 4 Mei 2010 mahakama ileile iliamua kwamba kifungu cha upekuzi hakivunji katiba. Hoja kubwa iliyokuwa mbele yake ilihusu kama Baraza la Majimbo lilipaswa kukiidhinisha.

Turudi kwa yule mtu wa Frankfurt. Ndege hakuikodi wala hakuimiliki. Aliipora kwa bastola. Sheria ya kumnyima mtu leseni haimzuii mtu anayepora. Dawa ilitolewa kwa ugonjwa mwingine, na ikanyweshwa watu waliokuwa wazima.

Si kisa hicho peke yake. Septemba 1994 mtu mmoja aliiangusha Cessna katika uwanja wa Ikulu ya Marekani. Nayo ilikuwa ya wizi. Januari 2002 ndege ndogo iligonga jengo la benki mjini Tampa, na aliyekuwa ndani ni mvulana wa miaka 15, mwanafunzi wa urubani. Upekuzi ungesoma nini katika maisha ya mtoto wa miaka 15? Mwaka 2010, mjini Austin, mtu mwenye leseni halali na ndege yake mwenyewe alilivaa jengo la ofisi za kodi kwa sababu ya ugomvi wake na mamlaka ya kodi. Alikufa yeye na mtumishi mmoja. Na Machi 2015, katika milima ya Alpi, rubani msaidizi wa shirika la Germanwings aliiangusha kwa makusudi ndege ya abiria, wakafa watu 150. Huyo hakuwa rubani binafsi. Alikuwa katika kundi ambalo upekuzi wa Kijerumani ulilikusudia kuliko makundi yote, na kilichomsumbua kilikuwa kwa madaktari wake, si kwa polisi.

Sasa niwape nafasi wenye maoni tofauti, kwa kuwa wana kisa kizito, na kisa hicho ni cha kwetu Afrika Mashariki. Cholo Abdi Abdullah, raia wa Kenya, alitumwa na kundi la al-Shabaab kujifunza urubani nchini Ufilipino. Alisoma huko kati ya 2017 na 2019, akikusudia kuteka ndege ya abiria na kuigongesha kwenye jengo refu Marekani. Alikamatwa Julai 2019, akapelekwa New York mwishoni mwa 2020, na Novemba 2024 baraza la wazee wa mahakama likamkuta na hatia. Kundi lililomtuma ndilo lililoshambulia hoteli ya DusitD2 Nairobi mnamo Januari 2019 na kuua watu 21. Mtu akiniambia kwamba shule ya urubani inapaswa kumjua mwanafunzi wake, sitabishana naye. Wala sidhani rubani yeyote mwenye akili timamu angebishana. Ninachosema ni kwamba kati ya kumjua mwanafunzi na kuwapekua marubani wote daima kuna njia ndefu, na katika njia hiyo ndimo haki za watu hupotea.

Hoja moja ya marubani naikataa. Husema: mbona dereva wa lori hapekuliwi? Ni kweli kwamba lori limeua kuliko ndege ndogo. Sisi tunakumbuka tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yaliyobebwa kwa magari mbele ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na zaidi ya watu 200 waliokufa. Wafaransa wanakumbuka Nice, tarehe 14 Julai 2016, watu 86 waliouawa kwa lori bila hata bomu. Lakini hoja ya "mbona yule" ina kasoro: mlango mmoja ukiwa wazi si sababu ya kuacha wa pili wazi. Tena ni hoja ya hatari kwa mwenye kuitoa, kwa sababu serikali inaweza kuikubali na kuanza kuwapekua madereva wa malori, kisha wa mabasi, kisha vijana wa pikipiki wanaotusubiri pale Remera. Ukiitumia katika mdahalo, mpinzani mwerevu atakushukuru.

Hoja ya gharama nayo sitaikawiza. Ada za upekuzi zinaudhi, lakini anayemudu kununua mafuta ya ndege anamudu ada.

Hoja yenye uzito inahusu shaka. Katika kanuni za Kijerumani, mamlaka huuliza polisi, huuliza idara za usalama wa ndani, huuliza sajili mbalimbali, kisha hupima kama mwombaji ni wa kuaminika. Shaka ikibaki, huhesabiwa dhidi yake. Mbele ya hakimu wa jinai ni kinyume: shaka humwokoa mshtakiwa. Kwa hiyo mtu anayetuhumiwa wizi analindwa na kanuni ambayo mtu asiyetuhumiwa chochote hana. Naona jambo hili ni geni sana, na linastahili kusomwa mara mbili.

Lugha yetu imebeba pande zote mbili za ugomvi huu. Wazee walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Ni methali nzuri ya kumwonya mtu asidharau uvumi. Mpeni afisa wa upekuzi methali hiyo iwe kanuni ya kazi, na kila jirani mwenye kinyongo atakuwa hakimu. Wakasema pia, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Mvuvi ana haki ya kusema hivyo juu ya tenga lake. Mtunga sheria hana haki hiyo juu ya watu, maana watu hawaambukizani hatia kwa kuwekwa katika kundi moja la leseni.

Kuna na neno "hiari". Kisheria, upekuzi wa Ujerumani hufanywa kwa ombi la rubani mwenyewe: ni yeye anayejaza fomu na kuiomba mamlaka impekue. Asipoomba, leseni hana. Mnajua kwamba katika sarufi ya Kiswahili kauli ya kutendwa huonyesha anayepokea tendo: rubani anapekuliwa. Fomu ile imegeuza sentensi, ikamfanya rubani mtenda: rubani anaomba apekuliwe. Kitendo hakikubadilika, kilichobadilika ni nani anayeonekana kukitaka. Mkisoma fomu yoyote maishani mwenu, tafuteni mtenda wa sentensi ni nani.

Nilipoleta mjadala huu darasani, mwanafunzi mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, asiye na hatia haogopi." Wenzake wakapiga makofi. Ni kauli tamu, na mtu wa Kigali ana sababu ya kuipenda. Tumezoea usalama, tunautunza, na hatuna haya kuulipia kwa usumbufu kidogo. Tukiingia hotelini au katika maduka makubwa tunapitisha mifuko katika mashine, na mlinzi hutushukuru. Sijamsikia mtu akilalamika.

Lakini utazameni upekuzi ule wa mlangoni. Unafanywa mbele ya macho yako. Unamhusu waziri na mchuuzi sawasawa. Unajua kinachotafutwa. Ukikutwa na kisu utaonyeshwa kisu, na utaweza kusema, "Hiki ni cha kukatia matunda." Ukishapita, umepita, hakuna anayeandika kwamba leo mfuko wako ulikuwa na nini. Upekuzi wa jina hauna hata moja ya sifa hizo. Unafanywa usipokuwapo, na faili hubaki baada yako.

Sisi Wanyarwanda tunajua, kuliko watu wengi, karatasi inaweza kufanya nini. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliandika kabila la mtu katika kitambulisho chake. Yaliyoandikwa na karani yakabaki kwa miongo sita, na mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliulizwa vitambulisho vizuizini na kuuawa kwa neno lililoandikwa humo. Sizilinganishi leseni za marubani na msiba ule. Kufanya hivyo kungekuwa kukosa adabu mbele ya marehemu. Nasema tu kwamba wale waliouawa hawakuwa na hatia, na kutokuwa na hatia hakukuwasaidia mbele ya maandishi ambayo mwingine aliyaandika na mwingine akayasoma. Mwanafunzi yule nilimjibu hivyo. Hakuna aliyepiga makofi safari hii, wala sikuyatarajia.

Kwa hiyo swali la mtu mwangalifu ni kama faili linaweza kusomwa na mwenye jina, na kama kuna mtu wa tatu wa kuamua wanapotofautiana. Mfano mzuri tunao mikononi. Ukiomba kazi hapa nchini huenda utatakiwa hati ya kumbukumbu za jinai, ile tunayoiomba kupitia Irembo na kutolewa na mamlaka ya uendeshaji mashtaka. Kenya huiita cheti cha maadili mema. Hati hiyo husema kama mahakama imekuhukumu. Haisemi jirani yako anakuonaje. Unaishika mkononi, unaisoma, na ikiwa na kosa unalijua kosa liko mstari gani. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, inampa mtu haki ya kuomba kujua taarifa zake zinazohifadhiwa na kuomba zirekebishwe. Rubani binafsi akitakiwa kuleta hati ya aina hiyo pamoja na cheti chake cha afya, mimi sioni dhuluma. Dhuluma huanza hati inapokwisha na minong'ono inapoanza.

Wapo watakaosema kwamba habari za kijasusi haziwezi kuonyeshwa kwa anayetuhumiwa, kwa sababu atajua zilikotoka. Ni kweli wakati mwingine. Basi aonyeshwe hakimu. Ujerumani, pamoja na yote niliyoyasema, humsikiliza mwombaji kabla ya kumkataa, naye anaweza kwenda mahakama ya utawala. Ndiyo maana wenye kupinga kule walifika mahakamani, wakashindwa huko, na kushindwa mahakamani ni jambo ambalo raia anaweza kuishi nalo.

Marekani walianza vibaya zaidi. Tarehe 24 Januari 2003 serikali ilitoa kanuni bila kusubiri maoni ya umma: idara ya usalama wa usafiri ikimtaja rubani kuwa tishio, mamlaka ya anga lazima imfutie leseni. Rubani aliruhusiwa kujibu, lakini alijibu kwa idara ileile iliyomtaja, na zile habari za siri hakuonyeshwa. Mshtaki, mchunguzi na hakimu walikaa katika kiti kimoja. Chama cha marubani na wamiliki wa ndege, AOPA, kilichokuwa na wanachama wapatao 400,000, kilipinga vikali. Hakikudai kwamba magaidi waruhusiwe kuruka. Kilidai msikilizaji asiye upande wowote. Wakati huohuo kiliwafundisha wanachama wake kufunga ndege zao, kulinda viwanja vidogo na kupiga simu waonapo mgeni anayeshangaza, na ukiwakumbuka waporaji wa Frankfurt na Washington utaona kwamba kufuli lilikuwa jibu la karibu zaidi na tatizo kuliko faili.

Desemba 2003 Bunge la Marekani lilibadilisha utaratibu. Rubani aliye raia akifutiwa leseni kwa sababu za usalama anaweza kusikilizwa na jaji wa masuala ya utawala, kisha kukata rufaa. Upekuzi haukufutwa, uliwekewa mlango wa kutokea, kwa sababu watu walibishana kwa barua na hoja kwa karibu mwaka mzima.

Lakini mlango ule uliandikiwa raia. Marubani wawili wa Kisaudi waliofutiwa leseni zao za Marekani mwaka huohuo walikwenda mahakamani, na mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikasema kwamba utaratibu waliopewa ulitosha. Kijana wa Kigali atakayepata nafasi ya kusomea urubani Florida atatoa alama za vidole, atalipa ada, atangoja jibu la idara ya usalama kabla ya kugusa usukani. Na jibu likiwa "hapana", atakuwa amesimama walipokuwa wamesimama wale wawili.